Uwanda Usiokuwemo kwenye Ramani

Niliitwa nchi ya Teremko kwenda kutengeneza mizani ambayo haikuwa mbovu. Hilo sikulijua mwanzoni. Barua ya Mkuu wa Mizani wa nchi hiyo, Bwana Zahoro Mpingo, ilisema tu kwamba mizani ya kituo cha nne imekwama, kwamba wananchi mia tatu na kumi na mmoja huipanda kila wiki na mshale hausogei, na kwamba jina langu, Fundi Mwanahawa Kingwaba, lilitajwa na kila aliyeulizwa. Sitajifanya mnyenyekevu. Nimetengeneza mizani kwa miaka ishirini na sita, ya sonara na ya malori ya pamba, na ningeshangaa kama wangemtaja mtu mwingine.

Teremko ni nchi ya watu wanaojivunia jambo moja, nalo ni kupungua uzito. Ardhi yao yote ni mlima mmoja mpana, na barabara yao ni moja, inayoshuka kutoka Lango la Juu mpaka Bondeni. Anayetaka kupungua huandikishwa Lango la Juu na kupewa nyumba huko. Kadiri anavyopungua ndivyo anavyohamishiwa chini, kituo baada ya kituo, mpaka afike Bondeni penye bustani, maji baridi na ofisi zote za serikali. Mtu wa Teremko hakuulizi unatoka wapi. Anakuuliza umeshuka kilo ngapi, kisha kabla hujajibu anakutajia zake.

"Kumi na nne," aliniambia mwanamke mmoja niliyepishana naye, hata salamu hatujamaliza.

"Mimi tisa," akadakia mwenzake, "na mume wangu kumi na moja, ingawa yeye hajanywa chai ya sukari tangu mwaka juzi."

Walisema vichwa vikiwa juu, na mimi ninayependa watu wanaojivunia kazi yao niliwapenda papo hapo.

Sheria zao ni fupi. Kila mwananchi hupima mara moja kwa wiki mbele ya wenzake. Akishuka, hupigiwa makofi. Akikaa wiki saba bila kushuka, huhesabiwa kuwa amewadanganya wote waliompigia makofi. Hushitakiwa, hurudishwa Lango la Juu, na kilo zote alizowahi kupunguza hutangazwa kuwa hazikutokea.

Afisa mmoja wa Wizara inayosimamia upimaji alinisindikiza mpaka kituo cha nne. Njiani alinionyesha ramani ya nchi, mstari mmoja ulionyooka kama rula kutoka juu hadi chini. Lakini tulipokipita kituo cha tatu, miguu yangu iliona jambo. Magoti yaliacha kuuma. Tulitembea karibu saa nzima na hatukushuka hata hatua moja.

"Hapa ni tambarare," nikamwambia.

"Hapa panateremka," akajibu.

Nilifungua sanduku, nikatoa pimamaji, nikaiweka juu ya barabara. Kiputo kikatulia katikati kabisa. Afisa akainama, akakitazama kwa muda mrefu.

"Pimamaji yako nayo imekwama," akasema, tukaendelea na safari.

Wenyeji hupaita mahali hapo Uwandani, kwa sauti ya chini, maana serikali haiutambui uwanda huo. Kwenye ramani haupo. Nyumba zake hazina namba. Kuna hata zahanati yenye kitanda kimoja na muuguzi mmoja aitwaye Sikudhani, ambaye Wizara humwandikia barua kwa anwani ya kituo cha tatu, kwa kuwa haiwezekani awe mahali alipo.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Mkunde Shekalaghe, mpishi wa shughuli, mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye mikono mipana na macho yasiyokwepa mtu. Alikuwa ameingia Lango la Juu na kilo mia moja na mbili. Miezi kumi baadaye alikuwa na themanini, na hapo mshale ukasimama. Wiki ya sita ilikuwa inakwisha. Kesi yake ilikuwa imekwisha kupangwa siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata.

"Karibu, fundi," alinipokea. "Nasikia wewe ndiye utakayeniokoa."

"Nimekuja kuangalia mizani, dada."

"Basi iangalie vizuri. Mimi nimefanya kila nililoambiwa."

Alinieleza aliyoambiwa. Bondeni kuna vyama viwili ambavyo hushindana kuongoza Wizara. Wapunguzaji huamini kwamba mtu akisimama, sahani yake igawanywe nusu. Wakimbizaji huamini kwamba akimbizwe. Kwa kuwa vyama hivyo vilikuwa vimeungana mwaka huo, Bi Mkunde alipata amri za vyote. Wiki ya pili alipewa Nusu Sahani. Wiki ya nne alipewa Nusu ya Nusu, iliyoletwa ndani ya kisahani cha kikombe chenye mhuri wa serikali. Wiki ya tano aliongezewa kukimbia hadi kituo cha tatu na kurudi, mara mbili kwa siku. Mshale haukujali.

Ijumaa asubuhi nilipima mizani ya kituo. Ilikuwa chombo kizuri, cha chuma, kilichotunzwa na mtu anayejua kazi. Nilipandisha mawe yangu moja baada ya jingine. Kilo tano ilisoma tano. Hamsini, hamsini. Mia, mia kamili. Nikaongeza gramu mia moja tu, mshale ukatikisika na kusogea ulipotakiwa kusogea. Nilirudia mara nne, nikaifungua hadi springi ya ndani, nikaifunga. Haikuwa na kosa lolote.

Nilirudi nyumbani kumwambia Bi Mkunde, nikamkuta uani akiinua sufuria. Alinitazama, akafungua mdomo, kisha akaanguka chini kama kanga iliyoteleza kwenye kamba. Nilimwita jirani, tukambeba hadi zahanati.

Muuguzi Sikudhani hakushangaa. Alimlaza, akampa maji, uji na yai, akakaa pembeni hadi alipomaliza.

"Huyu ni wa tisa mwezi huu," aliniambia. Kisha akamgeukia. "Bi Mkunde, ulikuwa mtu wa kilo mia na mbili. Mwili ule ulikuwa unakula cha kwake kwa kujibeba tu, kupanda ngazi, kugeuka kitandani. Sasa una kilo themanini. Chakula kilichokuwa kinakupunguza wakati ule, sasa kinakutosha. Hujafanya kosa. Wewe ni mdogo kuliko ulivyokuwa."

"Sasa wanipe nusu ya nusu ya nusu?"

"Wakikupa hiyo utakuwa unalala kutwa nzima, na mwili uliolala hautumii kitu. Niambie, siku hizi unafanya nini baada ya kukimbia?"

Bi Mkunde alifikiri. "Nakaa."

"Unakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wakati wa kukimbia tena."

"Na jikoni unakula nini?"

"Jikoni napika. Sili."

Muuguzi hakubisha. Alimwandikia sahani iliyojaa mboga, kunde na samaki, akamkataza kukimbia kwa wiki moja, akamruhusu kutembea. Pale mlangoni akaninong'oneza kwamba Bi Mkunde alirudia kazi ya upishi wa shughuli wiki saba zilizopita, magoti yalipoacha kuuma, na kwamba mtu mwenye mizani ndogo angeweza kumsaidia zaidi kuliko mwenye mizani kubwa.

Jumapili kulikuwa na harusi. Bi Mkunde alikuwa na sufuria tatu za pilau, beseni la sambusa na halua. Nilimwomba ruhusa ya kukaa kando ya jiko na bakuli tupu.

"Kila utakachotaka kuonja, dada, gusa kwa ncha ya ulimi, halafu kinachobaki kijikoni tia humu badala ya kukimeza."

Alicheka. "Bakuli hilo litarudi kavu."

Nampa sifa zake: alifanya kwa uaminifu. Kijiko cha mchuzi kikaingia bakulini. Kipande cha nyama, kuona kama kimelainika. Wali wa chini ya sufuria, kuona kama umeshika. Sambusa iliyopasuka, isipotee bure. Halua mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa ya moto mno kujua. Kwenye saa nane mchana bakuli lilikuwa limejaa na nilikuwa nimeazima la pili. Nikatoa mizani yangu ya sonara na kupima mbele yake kidogo kidogo. Jumla ilikuwa gramu mia saba na arobaini, nyingi zikiwa za mafuta na sukari.

Bi Mkunde alikaa juu ya kinu kilicholala.

"Wallahi sikujua," akasema. "Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe."

"Ulikuwa na njaa ya wiki nzima. Ungekuwaje?"

"Usinitetee, Mwanahawa." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Nataka nilijue kosa langu jinsi lilivyo."

Jumatatu Bwana Zahoro Mpingo alipanda mwenyewe kutoka Bondeni. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Alinikuta barazani kwa Bi Mkunde, mwenyeji wangu akiwa ndani. Akaweka karatasi mbele yangu.

"Ni cheti cha ubovu," alisema. "Ukitia sahihi kwamba mizani hii ni mbovu, kesi zote mia tatu na kumi na moja zinafutwa. Watu hawa watahamishiwa kituo cha tano kana kwamba hawakusimama. Mwenyeji wako atapona. Nami sitalazimika kulieleza Baraza linalosikiliza kesi kwa nini barabara yangu ina mahali watu wanapokwama."

"Mizani ni nzima, Mheshimiwa."

"Najua kuwa ni nzima. Mimi ndiye ninayeitia mafuta." Aliisogeza karatasi. "Ninakuomba kwa huruma, si kwa sayansi."

Nakiri kwamba nilishika kalamu. Nilimfikiria mwanamke yule akiwa amelala chini uani, nikafikiria miezi kumi yake ikitangazwa kuwa haikutokea. Maisha yangu yote sijawahi kusema uongo juu ya mizani, lakini ilikuwa pia mara ya kwanza uongo kunijia ukiwa na sura nzuri kiasi hicho.

Pazia likasogea. Bi Mkunde alitoka amefunga kanga kiunoni, akasimama kati yetu.

"Fundi, weka kalamu."

"Dada, hii inaweza..."

"Nimesikia inachoweza. Kilo ishirini na mbili nilizishusha kwa mizani hii hii. Ukiandika leo kwamba ni mbovu, basi na jana ilikuwa mbovu, na mwezi ule nilioshuka nne ilikuwa mbovu. Nitabaki na nini? Mheshimiwa, nakushukuru kwa huruma yako. Peleka karatasi hiyo kwa mtu ambaye hakutoka jasho."

Bwana Zahoro aliikunja karatasi taratibu. Nadhani kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

Baraza la Teremko hukutana asubuhi, katika ukumbi ambao sakafu yake imejengwa ikiteremka ili kuheshimu sheria, hivyo wajumbe wote hukaa wameegemea upande mmoja. Siku ya Jumatano ulikuwa umejaa. Watu wa Uwandani walikuja kwa mamia, wakasimama nyuma.

Mjumbe wa Wapunguzaji alisema kwamba kisahani cha kikombe kimeonekana kuwa kikubwa, akapendekeza kifuniko cha chupa. Mjumbe wa Wakimbizaji alisema kwamba tatizo ni kukimbia mchana tu wakati usiku una saa zile zile kumi na mbili. Wakabishana kwa adabu kubwa hadi saa nne. Kisha nikaitwa mimi.

"Mizani ni nzima," nilisema. "Nimeipima mara nne. Ni mojawapo ya mizani bora nilizowahi kufungua. Barabara kati ya kituo cha tatu na cha tano ni tambarare, nayo nimeipima. Ramani ndiyo mbovu, na mimi sitengenezi ramani."

Kukawa na kelele. Mwenyekiti aligonga meza, akamwita Bi Mkunde ajitetee.

Alikuja mbele akiwa amebeba gunia begani. Alilitua juu ya meza ya Baraza kwa kishindo.

"Huu ni mchele kilo ishirini," alisema, "na humo ndani kuna kunde kilo mbili. Naomba mjumbe mmoja anayeamini kwamba kilo zangu hazikutokea alibebe gunia hili auzunguke ukumbi mara moja."

Hakuna aliyeinuka. Alisubiri. Mwishowe mjumbe wa Wakimbizaji, kwa heshima ya chama chake, alilipandisha begani. Alipofika dirisha la tatu alikuwa ameshika ukuta. Alipomaliza mzunguko aliliweka chini, akakaa, akafungua kifungo cha kola.

"Ahsante, ndugu mjumbe," Bi Mkunde akasema. "Mimi nilikuwa napika nalo. Nilikuwa nalala nalo. Nimelitua, na limekaa chini wiki saba bila kunirudia mgongoni. Mmenishitaki kwa hilo."

"Umeshitakiwa kwa kusimama," Mwenyekiti akamkumbusha.

"Sawa. Nami sitasema sikuchangia. Jumapili tulipima ninachoonja jikoni, tukakuta robo tatu ya kilo kasoro kidogo. Hilo ni langu, limeshaanza kurekebishwa, nami nimelisema mwenyewe bila kuulizwa na mtu. Lakini naomba kumuuliza Mkuu wa Mizani swali moja."

Bwana Zahoro alisimama.

"Mheshimiwa, mshale wako ulisogea lini mara ya mwisho?"

"Nina kilo sitini na moja."

"Tangu lini?"

"Tangu... miaka tisa."

"Miaka tisa umesimama, na hukurudishwa Lango la Juu."

"Bi Mkunde, mimi nimefika. Bondeni tunasema mtu ametimia."

"Na wenzako ulioshuka nao mwaka ule, wako wapi?"

Bwana Zahoro aliziweka kando karatasi zake. "Wengi wamerudi juu," alisema kwa sauti tofauti. "Walifika Bondeni, wakapigiwa makofi, na kabla ya mwaka kuisha uzito ukawarudia. Walijua kushuka. Hawakuwahi kujifunza kukaa."

"Sisi tunajifunza huku," Bi Mkunde akasema. "Mahali ambapo kwenye ramani yako hapapo. Sitaki makofi, wala sitaki kusamehewa. Nina kilo themanini. Nimezifanyia kazi kila moja, nami ninajivunia kuzibeba. Nikiweza kushuka tena nitashuka, pole pole, huku nikila chakula cha mtu. Nisipoweza, nitakaa hapa, na sitarudi kule."

Watu wa nyuma hawakupiga makofi, maana makofi kwa sheria ni ya waliopungua. Walisimama wima tu. Kwenye sakafu ile ya mteremko si jambo rahisi kusimama wima, miguu hutetemeka. Walisimama hivyo hivyo, mia tatu na zaidi, mpaka kura zilipohesabiwa.

Bwana Zahoro alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Kesi zote zilifutwa kwa kura ishirini na sita dhidi ya kumi na saba. Sheria ya wiki saba iliondolewa. Iliamriwa kwamba anayesimama apelekwe kwanza kwa muuguzi, aulizwe anakula nini, analala vipi na anafanya kazi gani, na apimwe kiuno pamoja na uzito. Na kwamba hakuna mabadiliko yatakayofanywa kwa sababu ya wiki moja tu ya kusimama. Ramani mpya ilichorwa, na Uwanda ukatiwa rangi ya kijani. Kwa kuwa Teremko ni Teremko, Baraza liliunda siku hiyo hiyo Idara ya Kusimama yenye wakurugenzi kumi na wawili, na mpaka naondoka walikuwa hawajakubaliana kama ofisi yao iwe na viti. Bi Mkunde aliombwa awe mkurugenzi wa kumi na tatu. Alisema ana harusi mbili na maulidi moja mwezi huo, na kwamba bakuli lake la kuonjea linampa kazi ya kutosha.

Sikulipia chakula wala malazi, nami sikudai ujira wa matengenezo ambayo sikuyafanya. Bwana Zahoro alinitembeza mpaka mpakani, akiwa na pimamaji mpya mkononi. Alikuwa akiiweka barabarani kila hatua kumi kama mtu aliyegundua nchi.

Miezi mitano baadaye nilipata barua ya Bi Mkunde, iliyoandikwa kwa mwandiko mkubwa, ikinukia hiliki. Alinieleza kwamba muuguzi Sikudhani amepewa kitanda cha pili na namba ya nyumba. Mafunzo ya kunyanyua mawe yameanza kila asubuhi, na yeye ndiye anayepiga hesabu kwa sauti. Mwezi wa kwanza baada ya kesi hakushuka hata gramu, lakini blauzi yake ya zamani ilimpwaya akaikata kuwa kitambaa cha jikoni. Mwezi wa pili mshale ulisogea. Sasa ana kilo sabini na saba na nusu.

"Halafu," aliandika mwishoni, "tangu wiki nne zilizopita nimesimama tena. Safari hii hatukumwita fundi."

Kwa miaka ishirini na sita watu wamenisifu kwa kuniita. Barua hiyo nimeitia kwenye fremu, nimeitundika karakanani juu ya benchi, na kila mteja anayeuliza ni cheti cha chuo gani ninamwambia aisome.